Fungu la Mwenye Kiu

YAH: KUPUNGUA KWA KINYWAJI KATIKA CHUPA MOJA (1) BILA KUNYWEWA

Hivyo ndivyo Mzee Otmar alivyoandika, kisha akapiga mstari kwa rula. Miaka ishirini na miwili alikuwa ametunza ghala la sampuli za mawe ya mgodi huko Bugarama, na hata baada ya kustaafu hakujua njia nyingine ya kuogopa isipokuwa kufungua jalada. Barua ilitoka kwake, ikaenda kwake, nakala kwa mkewe.

Chupa yenyewe ilikuwa wiski ya Uskoti, zawadi ya kuagwa kutoka kwa bosi wake Mskoti. Ilikuwa ya shayiri tupu, imelala miaka kumi na minane katika mapipa yaliyotangulia kuhifadhi mvinyo wa sheri. Bosi alimfundisha: unamimina kidogo, unanusa mdomo ukiwa wazi, unadondosha tone la maji, unasubiri. "Ukiibugia kama gongo, nitajua hata nikiwa kwetu." Otmar alitii. Kila Jumapili baada ya misa alijimiminia kifuniko kimoja, akakuta humo zabibu kavu, ganda la chungwa, karafuu, asali ya miombo, na mwishoni ukavu wa mbao juu ya ulimi. Kisha alichora mstari wa penseli kwenye lebo.

Jumapili ya tatu, kinywaji kilikuwa vidole viwili chini ya mstari.

"Bosi alisema kila mwaka kiasi hupotelea hewani," alimweleza mkewe, Paskazia. "Wanakiita fungu la malaika."

"Hao malaika wa kwao. Wa kwetu hawanywi, Baba Vaileth. Na hiyo ni chupa, si pipa."

Akaifungia ndani ya sanduku la bati, ufunguo akauning'iniza shingoni pamoja na rozari. Ikaendelea kupungua. Sebuleni kukaanza harufu: kwanza zabibu kavu na karafuu, halafu, chini yake, udongo mbichi. Na saa nane mchana, jua likiwa limenyamazisha mtaa mzima, chini ya saruji ilisikika sauti ya koo likimeza.

Enock, rafiki yake aliyekuwapo siku chupa ilipofunguliwa, ndiye aliyekumbuka.

"Ulimwaga tone la kwanza chini, kama baba zetu. Lakini hukumtaja mtu."

"Nilikuwa nimetoka kukomunika, Enock. Ningetajaje mizimu ya ukoo?"

"Kwa hiyo ulisemaje?"

Otmar alishusha sauti. "Nilisema, anywe mwenye kiu."

Enock aliitazama sakafu. Nyumba ile ilijengwa juu ya duara, shimo la wachimbaji lililoporomoka zamani likafukiwa kwa kifusi. Watu wote wa mtaa walilijua hilo; Otmar alikuwa ameliweka kwenye jalada jingine, lisilohusu chupa.

Wiki hiyo chupa ilibaki na kidole kimoja, na mtungi wa maji ukawa unakutwa mkavu kila asubuhi, na Vaileth, binti yao aliyerudi nyumbani kujifungua, akawa anaamka na kifua kimenywea kama mfuko mtupu, midomo ya kichanga chake Nelly ikaanza kupasuka, kilio chake kikawa chembamba siku hadi siku, na chumba kizima kikinuka karafuu na udongo hata walipofungua madirisha yote mawili.

"Baba," Vaileth alinong'ona, "mtoto hanyonyi peke yake. Nasikia wawili."

Siku hiyohiyo Paskazia alimleta Mageni, mama mzee, mganga wa kutoka Samuye.

"Karibu, mayu," alisema Otmar. "Shikamoo."

"Marahaba. Lete hiyo chupa."

Alinusa mdomo ukiwa wazi, bila kufundishwa na mtu. "Imelala kwenye mti uliokunywa kabla yake," alisema. "Ndiyo maana kaipenda. Naye amelala muda mrefu."

"Ni jini?" Paskazia aliuliza kwa sauti ya chini.

"Jini lina jina na ukoo, tungeliita tukapatana nalo. Huyu ni mtu. Alishuka shimoni siku ileile aliyofika, likamporomokea; hakuna aliyewahi kumuuliza jina. Mmemkaribisha, kumuaga lazima aitwe."

"Aitwe nani?"

"Apewe jina la mtu aliye hai, mwenyewe akiridhia. La kubuni halimshiki."

Vaileth alimfunika Nelly uso kwa kanga. Otmar alimtazama mjukuu wake, akavua rozari, akamimina kidole cha mwisho sakafuni taratibu, kama alivyofundishwa, akadondosha tone la maji juu yake, akasubiri.

"Otmar," alisema. "Kunywa, Otmar. Uende."

Saruji ilimeza mara tatu, ikanyamaza. Baada ya muda mfupi kanga ya Vaileth ililowa maziwa.

Jioni Otmar aliandika: *Sababu: uvukizi. Jalada limefungwa.* Akapiga muhuri wa tarehe aliosahau kuurudisha kazini.

Jumamosi Enock alibisha hodi, akaingia sebuleni. Hakukuwa na mtu.

"Otmar, upo?"

"Nipo," aliitika Otmar kutoka uani.

"Nipo," ikaitika saruji chini ya viatu vya Enock, kwa sauti ileile, na harufu ya zabibu kavu ikapanda.

Kilichotokea ni hiki: Mzee Otmar alimpa maiti jina lake, mtoto akanyonya, na maiti, akiwa sasa na jina la mwenye nyumba, hakuondoka.