Kiitikio cha Shamba la Stephano Kinunda

Jua lilikuwa limeshaegemea milima ya Kingerikiti Tobias Kapinga alipotumwa na shangazi yake, Kunigunda, kuchukua gunia la maharage lililosahauliwa shambani. Ilikuwa Julai, ardhi imekauka hadi kupasuka.

"Pita njia ya juu," shangazi alimwambia. Hakusema kwa nini, na Tobias, kwa haraka zake, akapita ya chini.

Kichwani alikuwa na jambo moja tu. Miaka minne alikuwa amepiga gitaa la pili katika Lumeme Jazz, bendi ya Mbinga mjini, na miaka yote minne alipiga nyimbo za wenzake. Mzee Ladislaus Nchimbi, kiongozi wa bendi, alikuwa amemwambia waziwazi: Jumatano aje na wimbo wake mwenyewe, la sivyo gitaa atapewa Joakim, mpigaji wao wa akiba. Beti alikuwa nazo. Kiitikio ndicho kilichokuwa kimemkatalia kwa wiki tatu.

Alitembea akiimba kwa sauti ya chini. Akafika mwisho wa ubeti, pale ambapo kiitikio kingekaa, akanyamaza kama alivyozoea.

Akajibiwa.

Zilikuwa sauti nyingi, nzito, za watu wanaohema. Zilitoka kulia kwake, katika shamba la marehemu Stephano Kinunda, lililoachwa miaka kumi na mmoja. Na chini ya sauti hizo... puu... puu... majembe yakishuka kwa pamoja. Ikamjia harufu ya udongo mbichi, udongo wa masika, uliopinduliwa sasa hivi.

Alitazama. Mteremko ulikuwa mtupu. Ngolo za zamani, yale mashimo ya mraba ya Wamatengo, zilikuwa zimefunikwa na nyasi kavu.

Mtu mwingine angekimbia. Tobias aliuimba ubeti tena, apate kukishika vizuri kile kiitikio.

Jumatano walifanya mazoezi katika ghala la kahawa, kama kawaida yao. Alipomaliza kuimba, Mzee Nchimbi aliweka gitaa lake magotini.

"Kiitikio hiki umekitoa wapi?"

"Kichwani mwangu, Mzee."

"Na kichwa hicho siku zote ulikuwa umemwazima nani?"

Wakacheka. Herieth Ndimbo, mwimbaji wao, alikishika kiitikio mara moja. Wote wakakiitikia, isipokuwa Tobias aliyeanzisha. Walikirudia mara tisa. Tobias aliona kwamba kila walipoitikia, migongo yao iliinama kidogo. Wenyewe hawakujua.

Kesho yake asubuhi Herieth alimfuata nyumbani.

"Hebu nione mikono yako."

"Ina nini?"

Akamfunulia ya kwake. Malengelenge, mengine yamepasuka. Kucha zimejaa udongo mwekundu.

"Nimelala saa tatu usiku," alisema kwa kunong'ona, "nimeamka nimechoka kama niliyelima mlima mzima. Mzee Nchimbi naye vidole havikunjiki. Anasema ni uzee." Akashika mkono wa Tobias, akaugeuza. "Wewe mbona mzima?"

Tobias alichukua simu. Akampigia shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ulipita njia ya chini."

Haikuwa swali.

"Stephano Kinunda hakuwahi kuita ngokela kama sisi sote, watu walimiane kwa zamu," Kunigunda alisema taratibu. "Hakupika pombe ya kuwapa walimaji. Hakumwomba mtu msaada. Lakini kila mwaka shamba lake lilikuwa la kwanza kulimwa. Yeye aliimba jioni, sisi huku tukamwitikia, na asubuhi tulikuwa tunaamka tumechoka."

"Na sasa amekufa, shangazi."

"Amekufa, ndiyo. Anayeitikia ndiye anayelima, Tobias. Anayeanzisha..."

"Anayeanzisha je?"

"Umekula?" shangazi akauliza.

Jumamosi walishuka Mbamba Bay kupiga muziki uwanjani karibu na soko. Wimbo mpya ulikuwa umeshatangazwa kwa spika tangu asubuhi. Kabla ya kupanda jukwaani Tobias alimvuta Mzee Nchimbi pembeni.

"Kile kiitikio si changu, Mzee. Nilikisikia mahali."

"Yaani umekiiba."

"Ndiyo, Mzee."

Mzee Nchimbi akageuka aende zake. "Basi gitaa utamkabidhi Joakim Jumatatu. Na wimbo tunaufuta."

"Beti ni zangu. Niachie hizo tu. Pale pa kiitikio gitaa litajibu peke yake."

Hilo ndilo aliloomba, na Mzee akakubali. Angeweza kuacha wimbo ufutwe.

Walianza alasiri, ziwa likimeta nyuma ya watu mia nne. Ubeti wa kwanza ukaisha. Gitaa likajibu peke yake. Watu wakapiga makofi, na Tobias akavuta pumzi. Akaimba ubeti wa pili, akafika mwisho...

Waliitikia kutoka nyuma, upande wa mitumbwi.

Sauti nyingi, nzito, zinazohema. Hakuna mtu wa Mbamba Bay aliyewahi kukisikia kiitikio kile. Lakini watu wa mstari wa kati wakakipokea, wakawapa wa mbele, na migongo ikainama.

Herieth alishusha kipaza sauti. "Umewafundisha wewe?"

"Si mimi."

Tobias alichomoa waya wa gitaa. Mpiga ngoma akaacha. Besi ikaacha. Uwanja haukuacha. Puu... puu... miguu mia nane ikishuka pamoja, na upepo wa ziwa, badala ya kuleta harufu ya dagaa, ukaleta harufu ya udongo.

Kisha wakanyamaza, wote mara moja. Wakainua nyuso wakamtazama, bila hasira, kwa utulivu wa watu waliofika kazini wakamkuta msimamizi.

Wakamngoja.

Tobias Kapinga alikuwa ametunga beti mbili tu. Herieth alimshika shati kwa nyuma, akavuta. Lakini ubeti wa tatu ulikuwa umeshamjia, mzima, mtamu kuliko zile mbili, naye akakisogelea kipaza sauti.