Mtafsiri wa Filamu Bubu

Upepo wa treni ndio uliowakutanisha. Ilikuwa jioni moja ya Oktoba, mwaka 2009, watu wanatoka kazini, na kwenye jukwaa la chini kabisa la T-Centralen, kituo kikuu cha treni za chini ya ardhi kule Sweden, hapakuwa na pa kuweka mguu. Ghislaine alikuwa amekumbatia mabango ya karatasi, koti lake la rangi ya haradali limefungwa mpaka kidevuni, nywele zimesukwa mistari na kubanwa nyuma. Treni ya Akalla iliingia kwa kishindo na mabango yakamponyoka, yakatawanyika miguuni mwa Wasweden, ambao waliyaruka kwa adabu wakaendelea na safari zao.

Mtu mmoja tu aliinama. Alikuwa kijana mrefu mwenye koti jeusi la ngozi, na vidole vyake vilikuwa na alama ndogo za kuungua, kama vya mafundi wengi wa simu. Aliyaokota yote, lakini badala ya kuyarudisha akasimama kusoma. Bango lilikuwa na picha ya mwanamke wa zamani, nywele fupi, macho yamezungushiwa wanja mzito. Maandishi yalikuwa ya Kisweden, na chini yake, kwa kuwa Ghislaine ni mbishi, aliandika pia kwa Kiswahili: Filamu bubu za miaka ya ishirini, Ukumbi wa Akalla, kila Jumamosi.

"Bubu kabisa, dada?" aliuliza.

"Kabisa."

"Sasa nani anatafsiri?"

Ghislaine alicheka mpaka akashika kifua. Akamwambia, kama wewe unaona zinahitaji mtu wa kutafsiri, basi njoo utafsiri mwenyewe.

"Nitakuja," alisema yule kijana. "Mimi nikisema nitakuja, nakuja."

Treni ikaondoka bila wao. Walipopanda ya pili walikuwa wameshapeana majina na namba za simu, na Okech, aliyekuwa na shughuli mjini, alijikuta amesindikiza mabango mpaka Akalla.

Hapo niseme kidogo habari zao, maana mapenzi hayaeleweki usipojua kila mmoja alikuwa anatamani nini. Ghislaine alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, akaletwa Sweden na mama yake angali mtoto. Alifanya kazi katika nyumba moja ya wazee kule Hässelby, na wazee hao ndio waliompa ugonjwa wa filamu bubu. Walimsimulia jinsi watu walivyopanga foleni kwenye theluji, jinsi filamu moja ilivyoweza kukaa sinema ileile majira yote ya baridi na bado watu wakakosa tiketi. Kisha zikaja filamu zenye sauti, na ndani ya miaka michache zile za kimya zikasahauliwa, wakati ule ule zilipokuwa zimependeza kuliko wakati wowote. Jambo hilo lilimuuma Ghislaine kana kwamba yeye ndiye aliyefukuzwa. Akatamani kitu kimoja tu: kuona ukumbi umejaa watu kwa ajili ya filamu hizo. Kamati ya ukumbi wa Akalla ilimpa muda mpaka mwisho wa Novemba. Viti vikibaki wazi, mwenyekiti wao Severin alimwambia kwa upole wa Kisweden, ukumbi utafanywa chumba cha mazoezi ya viungo.

Okech alitoka Tororo, Uganda, na alikuwa fundi simu kwenye kibanda kidogo katika maduka ya Fittja centrum. Lakini nyumbani alikuwa viijei, yaani yule mtu anayesimama kando ya televisheni kwenye kibanda cha video na kutafsiri filamu kwa sauti yake mwenyewe, akiwasemea wahusika wote, akitia chumvi pale inapopwaya. Filamu zilikuja kwa lugha ambazo hakuna aliyezijua, na watu walimfuata mtafsiri, si filamu. Kazi hiyo ililisha wadogo zake wote. Kwake yeye filamu bila mtafsiri ilikuwa kama chakula kilichopikwa kikasahauliwa jikoni. Basi aliposikia "njoo utafsiri mwenyewe," hakusikia utani. Alisikia ameajiriwa, tena na mwanamke mzuri.

Hakumwambia Ghislaine lolote la viijei. Alitaka iwe zawadi.

Wiki mbili zile kabla ya onyesho la kwanza simu hazikupoa. Okech alipiga wakati wa chakula cha mchana, simu ya mteja mkono mmoja na yake sikioni.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Okech, wewe ni mpenzi wangu au daktari wangu?"

"Bambi," alisema, neno la kwao la kubembeleza, "umesema mpenzi. Nimesikia, na sikurudishii."

Ghislaine alijificha kwenye chumba cha shuka ili wazee wasimwone akitabasamu peke yake. Walimwona.

Jumamosi ya kwanza ikafika. Ghislaine alivaa gauni la kijani kibichi lililombana kiunoni na hereni ndefu. Kulikuwa na mpiga piano, na kamati nzima imekaa nyuma, na mbele wamekaa Warundi wachache wa Akalla wakiongozwa na Mama Belyse, jirani yake. Okech aliingia na suti ya kijivu na tai nyekundu, kapendeza, Ghislaine akajisemea huyu mtu kavaa hivi kwa ajili yangu. Ilikuwa kweli nusu.

Taa zikazimwa. Kwenye skrini bwana mmoja mnene akakimbizwa na polisi juu ya paa. Okech akainuka, akasimama kando ya skrini, akakohoa, akaanza.

"Msimwone anakimbia mkadhani anamwogopa polisi. Huyu anamwogopa mke wake. Mke yuko chini na mwiko, anauliza, we mzee, nyama ya sufuria imekwenda wapi?"

Mama Belyse alicheka mpaka kilemba kikalegea. Mpiga piano akaacha kupiga. Nyuma, Severin aligeuka kuwatazama wenzake. Ghislaine alihisi uso unawaka moto. Alimfuata akamnong'oneza anyamaze. Okech akamkonyeza, akadhani ni mikogo ya mwenye ukumbi, akazidisha. Ndipo Ghislaine akawasha taa.

"Okech, hapa si kibanda cha video. Kaa chini au utoke."

Vibanda vya video alivikumbuka tangu Buyenzi, na alisema hivyo mbele ya watu wote, kwa sauti ambayo hakuwa akijua anayo. Okech alifunga kifungo cha koti lake, akawaaga akina mama mmoja mmoja kwa heshima, akatoka.

Simu zikanyamaza. Ghislaine alisema moyoni kwamba yeye ndiye aliyeaibishwa, basi aombwe msamaha. Okech alisema moyoni kwamba aliitwa, kisha akafukuzwa kama mlevi, tena kwa kutukaniwa kazi iliyomlea. Wote wawili walikuwa wajinga, lakini kila mmoja alikuwa na hoja, na ujinga wenye hoja ndio unaochelewa kupona.

Jumamosi zilizofuata ukumbi ulikuwa kimya kama alivyotaka Ghislaine, na mtupu kama asivyotaka. Mama Belyse alimweleza wazi kwamba yale maandishi ya Kisweden yanayokatiza picha yanapita kabla hajamaliza mstari wa kwanza, na akauliza yule kijana wa maneno yuko wapi. Kazini, bibi mmoja wa Hässelby aliposikia kisa hicho alishangaa. Akamwambia kwamba kwenye sinema ya mtaani kwao hakuna aliyekaa kimya. Aliyejua kusoma aliwasomea wenzake kwa sauti, na baba yake mwenyewe alimsemea jambazi mpaka watu wakamtupia maganda ya machungwa. Ghislaine alikwenda chumba cha shuka, akafunga mlango, akalia. Alikuwa amemfukuza mtu aliyefanya filamu ziwe hai, na alimpenda, na hasira ilikuwa imekwisha siku nyingi, imebaki kiburi.

Alipiga simu jioni hiyo hiyo. Akasema amekosa, akasema filamu ya mwisho imekaribia, arudi atafsiri.

"Ghislaine, unanitaka mimi au unataka ukumbi ujae?"

Alisita. Alisita kidogo tu, kwa sababu alitaka vyote viwili na alikuwa mtu mkweli.

"Umeona," Okech alisema, na akakata simu.

Hapo mwingine angekata tamaa. Ghislaine alivaa koti la haradali siku ya pili yake na kupanda treni nyekundu mpaka Fittja. Okech alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa matumbo, na hakuinua kichwa.

"Sikuja kukuomba utafsiri," alimwambia. "Nitatafsiri mwenyewe."

"Wewe?"

"Mimi. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu, na msamaha wake hauwezi kuwa wa simu. Nitauomba mbele ya watu hao hao. Ninachotaka ni uje ukae kiti cha mbele, usiseme neno."

"Na ukumbi usipojaa?"

"Usijae. Wanyanyue vyuma vyao. Ila wewe uje, chéri."

Okech alikaza skrubu ndogo ya simu muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema Jumamosi huwa ana kazi mpaka jioni. Ghislaine alirudi bila kujua kama hilo ni ndiyo au hapana, lakini usiku na mchana alifanya mazoezi. Mama yake alikuwa akikatakata mboga za lenga lenga jikoni huku binti anasemea wanaume kwa sauti nzito, na akamshauri kwa huruma arudi kwenye mabango.

Jumamosi ya mwisho theluji ilianguka tangu asubuhi. Mama Belyse alikuwa amelitangaza jambo kanisani, kwamba safari hii kutakuwa na maneno, na kwaya nzima ikaja. Waganda wa Hässelby wakaja. Wazee wa Ghislaine wakaletwa kwenye viti vya magurudumu, wamefunikwa mablanketi, wamepaka rangi ya mdomo. Watu wakapanga foleni nje, kwenye theluji, na Ghislaine akaitazama foleni hiyo dirishani, kama ile aliyosimuliwa na wazee. Severin mwenyewe alikuwa akibeba viti vya ziada. Kiti kimoja tu kilikuwa wazi, mstari wa mbele.

Alisimama kwa gauni jekundu, kipaza sauti mkononi. Akasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kisweden, kwamba hapa hapa alimfukuza mtu aliyekuja na zawadi, kwamba kibanda cha video ni sinema kama sinema nyingine, na kwamba anamwomba Okech msamaha hata kama hayupo. Alikitazama kile kiti kitupu mpaka taa zilipozimwa.

Filamu ilikuwa ya mwaka 1928, ya msichana wa sarakasi anayetembea juu ya kamba na fundi chuma anayempenda, na enzi zake ilijaza sinema kila mji ilipopita. Ghislaine alijitahidi. Lakini alitafsiri kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani, na watu, kwa kumpenda, wakakohoa badala ya kupiga miayo. Fundi chuma akamkaribia msichana, akafungua kinywa, na Ghislaine akasahau alilopanga kusema.

"Binti wa kamba," sauti ikasema kutoka mlangoni, "ukianguka mimi nipo chini. Mikono yangu imezoea vitu vya moto."

Ukumbi ulishangilia. Okech aliteremka kati ya viti, theluji mabegani, akaja kusimama upande wa pili wa skrini. Tangu hapo yeye akawa mwanamume na Ghislaine akawa mwanamke, na maneno yakamjia Ghislaine kwa Kiswahili cha Buyenzi ambacho hakujua bado anacho. Wazee walicheka bila kuelewa. Mama Belyse alielewa, naye akalia.

Picha ikafika mwisho. Usiku, kwenye mvua, fundi chuma amepiga goti mbele ya gari la sarakasi.

"Nilikuuliza swali kwenye simu," Okech alisema, na sauti ilikuwa yake mwenyewe. "Swali baya. Mtu anaweza kupenda kazi yake na kunipenda mimi, hata mimi ndivyo nilivyo. Sasa nakuuliza jingine. Utakubali nikuoe?"

Hapakuwa na mtu asiyejua ni nani anaulizwa. Lakini viijei ana sheria moja tu: atie chumvi atakavyo, asiipinge picha. Na kwenye skrini msichana wa sarakasi, machozi yakimtiririka, alitikisa kichwa kukataa, akapanda gari.

Ghislaine alikitua kipaza sauti sakafuni.

"Huyo amekataa," alisema. "Msimlaumu, ana sababu zake. Mimi nimekubali."

Vigelegele vya kwaya viliufunika ukumbi. Gari la sarakasi likatokomea kwenye mvua bila mtu wa kulitazama, na mpiga piano, ambaye hakuelewa neno hata moja, aliendelea kupiga muziki wa kuagana mpaka Severin alipomgusa begani na kumwomba abadilishe.