Nusu ya Maneno ya Kabura

— Kabura! Toka nje! Toka na hiyo sura yako nzuri ya kuuza takataka!

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mtaa mzima wa Ruring'u, Nyeri, bado unapiga mswaki, na Mama Sheila amesimama mlangoni kwa Kabura akiwa ameshika tableti vile mtu hushika panya kwa mkia. Jina lake la ubatizo ni Magdaline, lakini akikasirika hata Magdaline wa Biblia angempisha njia. Kazi yake ni kuuza mitumba karibu na uwanja wa michezo, na koo lake limezoea kuita wateja walio ng'ambo ya barabara.

Kabura akatoka amejifunga leso, povu la dawa ya meno limemjaa mdomoni.

— Mama Sheila, kwani kumetokea nini?

— Ati kumetokea nini! Sheila ameandika kazi ya chuo wiki nzima kwa hii kitu yako. Jana akitaka kuituma, ikaganda, ikazima. Ikiwaka, kazi hakuna! Mtoto amelia mpaka macho imekuwa nyekundu kama nyanya. Na ni wewe ulituambia tununue!

— Mimi? Nilikuambia lini?

— Usinifanye mjinga, msichana wa Muriithi. Jiangalie.

Mama Sheila akamsukumia simu usoni. Kabura akajiona. Alikuwa yeye kabisa, na ile sweta yake ya kijani, akicheka, tableti mkononi.

"Mimi nasomea ualimu, na hii tableti nimetumia muhula mzima. Kioo ni kubwa, sauti iko na nguvu, na kubeba ni rahisi. Kwa mwanafunzi..."

Hapo picha ikaruka. Ukaingia muziki wa kuchezesha mabega, na maandishi mekundu: MWALIMU KABURA AMEIPITISHA! MWANAFUNZI, HII NDIYO YAKO! FIKA KWA KATHURIMA, NYERI MJINI!

Kabura akameza lile povu lote.

— Mama Sheila, hayo si maneno yangu yote.

— Na huo ni mdomo wa nani? Wa jirani?

— Mdomo ni wangu. Maneno ndiyo yamekatwa.

— Basi tafuta aliyekata, kwa sababu mimi nimekupata wewe.

Akaenda zake, tableti kwapani.

Sasa, huyo Kathurima hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa kijana wa Meru, mrefu, meno meupe, mwenye duka la simu mjini Nyeri, na ndiye Kabura alimpenda hata akawa anaunguza chapati akimfikiria. Jumamosi iliyofuata alikuwa aje Kiriaini na wazee wake, kumposa Kabura kwa babake. Kabla ya kuagiza hizo tableti za bei rahisi, alikuwa amempa Kabura moja na kumwambia, "Itumie kama mwanafunzi, halafu uniambie ukweli. Usinionee haya."

Kabura hakumwonea haya. Aliipeleka darasani, maktaba, kanisani, hata jikoni. Chaji iliisha kabla ya chakula cha mchana. Ukifungua kitabu na video pamoja, ilisimama kama punda amekataa mlima. Ukiweka vitabu vichache, ilisema imeshiba. Kamera yake ilimwonyesha mtu kama anayechungulia kwa moshi wa kuni. Siku ya kumpa majibu, Kathurima alimrekodi, na Kabura akamaliza hivi: "Kwa mwanafunzi wa chuo, hapana, itamtoa machozi. Kwa nyanya wa kuangalia picha za wajukuu na kusikiza nyimbo za kanisa, sawa." Kathurima akaitikia kwa kichwa, akamnunulia chipsi. Kumbe alikuwa anajua tayari mahali pa kupitisha kisu.

Kabura akampigia.

— Kathu, umeniuza.

— Nimekuuza aje, na hata mahari sijaleta?

Akacheka peke yake. Kabura hakucheka.

— Umetoa yale nilisema mabaya yote. Umeniacha nikisifu kama kasuku. Mtoto wa watu amepoteza kazi yake ya chuo!

— Sweetie, biashara ni hivyo. Umewahi kuona mtu anauza ng'ombe akisema inapiga teke?

— Nimeona mtu akiuza ng'ombe. Sijaona akimweka mchumba wake aape ati fahali iko na maziwa.

— Sasa unanitusi.

— Bado sijaanza. Toa hiyo video leo. Na useme ukweli.

— Stoo imejaa, Kabu. Wacha kwanza tupitishe hiyo Jumamosi ya Kiriaini, halafu...

— Hiyo Jumamosi haipiti kama uso wangu uko huko unadanganya watu. Mimi naenda kufundisha watoto, Kathurima. Mtoto akiniuliza kitu, nitajibu na mdomo gani?

Kathurima akasikika akimwambia mteja asubiri.

— Sawa. Nimesikia.

Kabla ya saa sita ujumbe ukaingia: "Nimeitoa, mpenzi. Angalia mwenyewe. Sasa nicheke na wewe au bado nimewekwa jela?"

Kabura akaangalia. Video haikuwepo. Moyo ukalainika kama viazi vya mukimo vilivyopondwa, akaandika: "Bado uko jela. Lakini nitakuletea chakula."

Msichana akishapenda, mwanamume hana haja ya kuwa na akili nyingi.

Jumamosi ikafika. Kule Kiriaini boma la Mzee Muriithi lilijaa moshi na kelele za wanawake. Kabura alikuwa amemwalika Mama Sheila kusudi amwombe msamaha, na Mama Sheila akaja na kisu chake mwenyewe cha kumenya viazi, kwa sababu hasira na sherehe kwake ni vitu viwili tofauti.

— Lakini huyu bwana yako ako na roho ngumu, akasema huku anamenya. Mpaka leo asubuhi bado uso wako unauza.

— Aliitoa, Mama Sheila. Niliangalia.

— Uliangalia na simu ya nani?

— Yangu.

— Haya, angalia na yangu.

Kabura akapangusa mikono, akashika simu. Sweta ya kijani ilikuwa pale pale. Muziki pale pale. Na chini yake mama mmoja wa Sagana ameandika: "Kama mwalimu amesema ni nzuri, mimi nanunulia kijana yangu leo."

— Si alitoa? Kabura akanong'ona.

— Alikufungia wewe peke yako, mami. Mlima Kenya wote unakuona isipokuwa wewe.

Wanawake wakaweka visu chini. Mmoja akasema Kabura aende akalale kidogo, mwingine akasema alie kwanza ndiyo apate nguvu. Kabura hakulala wala hakulia. Alinawa uso, akavaa gauni lake, akajifunga kitambaa, na wageni walipoingia langoni wakiimba, alikuwa amesimama wima kama mlingoti wa shule.

Wageni wakaketi. Mjomba wa Kathurima, Mzee Mburugu, msemaji wao, akasimama na fimbo yake akasifu boma, akasifu migomba, akasifu hata mbwa aliyekuwa anamnusa suruali. Mwishowe akaweka kibuyu mbele. Kwa vile pande zote mbili zilikuwa watu wa kanisa, ndani haikuwa pombe, ilikuwa uji uliochachuka vizuri.

Sasa kwa watu wa Kiriaini kibuyu hicho hakiguswi ovyo. Baba hawezi kukinywa, mjomba hawezi, hata mzee mwenye kiu ya miaka hawezi, mpaka msichana aitwe aulizwe mbele ya wote kama kinywewe. Akisema mnywe, amekubali kuolewa. Wasichana huinamisha kichwa, wakatabasamu, wakasema mnywe, na wapishi wakaanza kupakua. Huulizwa kwa heshima tu, na jibu huwa linajulikana. Ndiyo maana Kathurima, ndani ya suti yake mpya, alikuwa amenyoosha simu tayari kurekodi hilo jibu.

Kabura akaitwa. Mzee Muriithi akakohoa.

— Mwanangu, hawa watu unawajua?

— Nawajua, baba.

— Wameleta kinywaji. Tunywe?

— Msinywe.

Kijiko kilianguka mahali jikoni, kila mtu akakisikia.

— Amesema nini? Mzee Mburugu akamuuliza jirani yake. Mimi Kikuyu yenu huwa inanichenga.

— Amesema na Kiswahili, mzee. Ati tusinywe.

Kathurima akasimama, simu bado iko juu.

— Kabu, tafadhali. Tusiaibishane mbele ya wazee.

— Endelea kurekodi, Kathurima. Hapa hakuna mtu atanikata. Baba, huyu aliniomba ukweli juu ya tableti yake, nikampa wote, mzuri na mbaya. Akachukua mzuri akauzia watu, mbaya akazika. Nilipomwambia aitoe, akaniandikia ameitoa. Kumbe amenifunga macho mimi, wengine wote wanaona! Mama Sheila yuko hapa. Mtoto wake amelia kwa sababu ya mdomo wangu!

— Ni kweli! Mama Sheila akaitikia kutoka jikoni, kisu juu. Na bado analia!

— Kijana, Mzee Muriithi akasema, ni hivyo?

— Mzee, ni biashara tu. Sikumaanisha...

— Sijakuuliza ulimaanisha nini. Nimekuuliza kama ni hivyo.

Kathurima akatazama viatu vyake vipya.

— Ni hivyo.

— Sasa nisikize. Mimi nina ng'ombe, nina chai, nina kahawa. Huyu msichana tunamsimamisha hapa kumuuliza kwa sababu bila neno lake hakuna kitu kinaendelea. Wewe umelichukua neno hilo ukalikata kama nyasi ya ng'ombe. Nikikupa yeye leo, kesho utaniambia amesema nini, na mimi nitajuaje?

Mzee Mburugu akamgeukia mpwa wake, uso umekunjamana.

— Umenitoa Meru na goti hii mbaya, nikasifu mpaka mbwa, kumbe umekuja na uwongo kwa mfuko? Hiyo tableti iko wapi?

Mama Sheila akaichomoa kwenye mkoba wake, akaileta mbio. Mzee Mburugu akaigeuza, akaipapasa, akabonyeza wimbo wa kanisa, ukaimba kwa nguvu. Akatikisa kichwa kuridhika. Akabonyeza kitu kingine, kioo kikasimama. Akabonyeza tena. Akaipiga kofi.

— Kwangu mimi inatosha, akasema. Kwa mtoto wa shule ni kumtukana.

— Ni vile vile nilisema! Kabura akalia kwa sauti, na sasa machozi yakamtoka. Maneno hayo hayo!

Kathurima akamtazama, na mara ya kwanza siku hiyo akaonekana kama mtu aliyemwona. Akafungua simu yake, akafuta ile video mbele ya wote, na Mama Sheila akahakikisha kwa simu yake mwenyewe. Halafu akajirekodi pale pale, sauti inakwaruza.

"Mimi ni Kathurima wa duka la simu, Nyeri. Nilikata maneno ya Kabura. Alisema chaji haifiki saa saba. Alisema inaganda, na kamera ni mbaya. Alisema mwanafunzi wa chuo asinunue, ni ya mzee wa kusikiza nyimbo. Yeye alisema ukweli, mimi ndiye nilidanganya. Kama ulinunua kwa sababu yake, irudishe kuanzia Jumatatu, nitakupa pesa yako."

Akaituma. Mzee Muriithi akamgeukia bintiye tena, taratibu.

— Sasa?

— Wape chai, baba. Chai ni ya wageni. Uji warudi nao.

Wakanywa chai. Wakala, wakashukuru, wakaondoka, Mzee Mburugu amekumbatia kibuyu, hataki mtu amsaidie.

Jumatatu Kabura alipita mjini, akasimama upande wa pili wa barabara nyuma ya mama wa ndizi. Watu walikuwa wamejipanga mpaka nje ya duka la Kathurima, kila mmoja na tableti kwapani, na matusi hayakuwa machache. Wengine walimwita mwizi, mwingine akamwita majina ya wanyama. Kathurima hakubishana. Alipokea kila tableti kwa mikono miwili, akasema, "Pole, mama. Pole, mzee. Kosa ni yangu." Yule mama wa Sagana aliyemnunulia kijana wake alipofika mbele akauliza, "Na yule mwalimu, naye alikula ngapi?" Kathurima akasimama wima, akasema kwa sauti hata huku ng'ambo ikasikika, "Yeye hakukula kitu. Yeye ndiye alikataa."

Kabura akajificha vizuri nyuma ya ndizi, akatoa simu.

— Baba, shikamoo.

— Marahaba. Mbona unahema?

— Baba, wale watu wa Meru wakirudi na kibuyu, ukiniuliza, nitasema mnywe.

Mzee Muriithi akakohoa.

— Yuko wapi saa hii?

— Kwa duka. Anarudishia watu pesa zao. Laini ya watu imetoka mpaka kwa barabara.

— Basi haraka ni ya nini? Wacha kwanza aimalize hiyo laini.