Sanduku Lisilo na Kufuli

SAA 1:20 ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha karakana kilinuka rangi na chuma kilichoungua. Wanaume wanne, meza moja, karatasi moja. Juu ya karatasi, Kimya alikuwa amechora geti la chuo, ngazi, na ofisi ya wanafunzi.

"Mzigo uko hapa," alisema. "Sanduku limefungwa sakafuni kwa bolti mbili. Fundi anazifungua kwa spana. Mimi na yeye tunabeba. Shemeji anawatuliza watoto. Dereva hazimi gari. Dakika nne, tumeondoka."

"Watoto wa chuo!" Shemeji alicheka. Alikuwa kaka wa mke wa Kimya, na bila undugu huo hakuna genge ambalo lingemwachia hata fimbo, sembuse bastola. "Hao ukiwakoholea tu wanajikojolea."

Fundi hakucheka. Sanduku lile alilitengeneza yeye.

Wanafunzi walimjia miezi minane nyuma. Walitaka sanduku la chuma lisilo na mlango wala kufuli, tundu moja tu juu la kutumbukizia pesa. Walikuwa wanachangia kituo cha yatima nje ya nchi, watoto arobaini na wawili wanaolala chini ya turubai tangu paa liporomoke. Hawakutaka yeyote aweze kudokoa, hata mwenyekiti wao. Lingekatwa siku ya kukabidhi, mbele ya macho ya wote. Basi wakaosha magari, wakafua nguo za walimu, wakabeba zege likizo nzima. Leo saa nne mlezi wa kituo angefika kupokea.

Aliyewaleta karakana ni binti yake Fundi. "Baba yangu hamuibii mtu," aliwaambia wenzake, kwa maringo kabisa.

Kimya akalikuta sanduku bado liko juu ya benchi. Akauliza la nini. Fundi, mpumbavu wa watu, akaeleza. Na Kimya akikuomba jambo utamkatalia kwa mdomo gani? Alikula miaka sita gerezani kwa kazi waliyoifanya wawili. Polisi walimvunja vidole vitatu, na jina la Fundi halikumtoka. Ndiyo maana akaitwa Kimya.

"Sharti langu unalijua," Fundi alisema. "Mwanangu asiguswe."

"Si umemtuma kwa shangazi yake hospitali?"

"Nimemtuma."

"Basi tulia. Na sheria yangu nawe unaijua."

Wote waliijua. Uso umefunikwa, mdomo umefungwa. Atakayemtambua mmoja wao, habaki hai.

SAA 3:05

Shemeji aliusukuma mlango kwa teke. Ndani walikuwepo wanafunzi saba, mapambo ya karatasi, na picha kubwa ya watoto wamesimama chini ya turubai.

"Chini! Wote chini!"

Sita walilala. Mwenyekiti wao, kijana mrefu mwenye tai iliyomzidi, alibaki amesimama.

"Jamani, hizo ni pesa za yatima."

Shemeji alimpiga kitako cha bastola mdomoni. Meno mawili yaliruka mpaka chini ya meza.

"Hata mimi ni yatima," alisema. "Lala!"

Akampiga tena alipokuwa tayari chini, mbavuni, bila sababu yoyote. Kijana akatapika damu.

Fundi alipiga magoti, akaweka spana kwenye bolti ya kwanza. Ndipo akaona sweta la kijani. Alilinunua mwenyewe, mwezi uliopita.

Mungu wangu! Kumbe mtoto alikuwa amempigia shangazi simu: nitakuja mchana, leo siwezi kuliacha sanduku peke yake. Sasa alikuwa amelala kifudifudi, hatua mbili kutoka kwa baba yake, mikono kisogoni.

Fundi alifungua bolti. Hanijui, alijiambia. Nimefunikwa uso. Nyanyua utoke.

SAA 3:07

Bolti ya pili ilitoka.

"Shika," Kimya alinong'ona.

Miaka ishirini na mitatu ya kuchomelea inakufundisha jambo moja kabla ya mengine: usishike chuma kabla hujakipima. Cha moto na cha baridi vina rangi moja. Fundi hupitisha kwanza mgongo wa mkono juu yake, mara mbili, polepole, kuona kama kuna joto. Nyumbani walimcheka. Kitasa cha mlango, sufuria tupu, vyote alivipima.

Chuma kilikuwa baridi. Alikuwa amevaa glavu. Na bado alipitisha mkono, mara mbili, polepole.

"Baba?"

Alisema taratibu sana. Lakini ofisi ilikuwa imenyamaza, na kila mtu alisikia.

Kimya aliliachia sanduku. Akamtazama binti, akamtazama Fundi.

"Ndiye?"

"Simjui."

"Usinidanganye mimi." Sauti yake ilikuwa imechoka. Akachomoa bastola. "Geukia ukutani. Nitafanya haraka."

"Ndugu yangu, nakuomba. Ni mtoto. Hatasema."

"Mimi ndiye sikusema. Vidole vilivunjwa, sikusema. Huyu akibanwa kidogo tu atasema, wala si kosa lake. Geuka."

Binti alikuwa ameanza kulia bila sauti.

Fundi aligeuka. Aligeuka na spana.

Ilimpata Kimya kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukalia, risasi ikaingia sakafuni. Wanafunzi walipiga mayowe. Shemeji alifyatua ovyo, mara mbili. Ya kwanza ilipasua dirisha. Ya pili ilimwingia Fundi tumboni. Alianguka juu ya bastola ya Kimya, akaishika, akamlenga Shemeji kifuani na kufyatua mpaka ikabaki kulia tupu.

Nje, Dereva alisikia. Hakusubiri hata kuuliza. Matairi yalilia, akaenda zake.

Kimya, aliyejitupa chini kukwepa risasi, alikuwa anatambaa kuelekea kwa binti, kisu mkono wa kushoto.

"Kimya, acha!"

Hakuacha. Fundi alimpiga spana kichwani. Akapiga tena. Akapiga tena, na wakati wote huo alikuwa analia na kumwita ndugu yangu.

SAA 3:26

Sajini alimkuta ameegemea sanduku, suruali imelowa damu. Walikuwa wamemvua kifuniko cha uso.

"Hawa wanasema yule binti amekuita baba."

Fundi aliwatazama wanafunzi. Walikuwa wamejisogeza ukutani, mbali na sweta la kijani. Mwenyekiti, kitambaa mdomoni, alimkazia macho. Ni nani aliyemleta fundi? Ni nani aliyegoma kutoka ofisini leo? Hesabu ilikuwa inafanyika vichwani mwao, na Fundi aliiona yote.

"Simjui," alisema. "Kachanganyikiwa kwa woga. Andika hivyo, afande. Simjui kabisa."

Sajini akamgeukia binti. "Enhe? Unamfahamu?"

Alikuwa amepewa njia. Neno moja tu, na angetoka nje ya mlango ule bila doa. Alivua sweta, akalikunja, akapiga magoti kwenye damu na kulikandamiza tumboni mwa Fundi kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu, usi..."

"Nyamaza, baba." Kisha akamwambia sajini, bila kugeuza kichwa: "Huyu ni baba yangu. Sanduku alilitengeneza yeye. Na hawa majambazi, amewaleta yeye. Andika yote."

Sajini aliandika. Binti hakuondoa mikono mpaka machela ilipofika.