Kalamu ya Kuugusa Mwezi

Miaka ile Guangzhou ilijengwa mbio mbio. Ukienda kuoga, ukirudi ghorofa jipya limeshakuzibia dirisha! Abdulrazak na mkewe Faudhia walipanga chumba mtaa wa Kangle, juu ya karakana ya cherehani. Walinunua nguo na kuzituma Pemba. Binti yao Sada alibaki huko Wete kwa bibi yake, mama wa Abdulrazak.

Jioni moja Abdulrazak alipanda na mkewe juu ya paa, mkononi kalamu ya leza, ya kumulika mbali. Mfanyabiashara hanunui bila kujaribu sampuli. Naye aliijaribu kwa mwezi.

"Bosi wa duka kaapa inafika," alisema. "Nimemwahidi Sada taa ya kuugusa mwezi."

"Mbona sioni alama?" Faudhia alimcheka. "Au mwezi unaona haya?"

"Labda betri." Akaigeuza kalamu, achungulie ndani.

"Wee, kaka Abdul!" Godson alimdaka mkono. Jirani huyu, aliyekuwa akianika nguo hapo paani, alisomea mambo ya mwanga chuo kikuu. "Leza huunguza jicho ndani, wala husikii maumivu. Ndege nayo usiimulike, utamtia kiwi rubani."

Abdulrazak alinywea. Na Sada ndiye angeichezea!

"Kumbe bosi kanidanganya?"

"Nusu. Umbali wa mwezi hupimwa kwa leza kweli. Kule juu kuna vioo maalumu, vilipelekwa zamani. Wataalamu hurusha leza kali kwa darubini kubwa, vioo vikairudisha. Utotoni hukupiga kelele kisimani?"

Abdulrazak akatabasamu. Alikiona kisima cha kwao, na mama yake akifoka: "Utatumbukia, we mtoto!"

"Sauti ilirudi?"

"Ilirudi."

"Basi na mwanga hivyo hivyo. Kwenda na kurudi ni kama sekunde mbili na nusu. Nusu ya muda huo, mara kasi ya mwanga, ndio umbali. Ni kilomita laki nne kasoro kidogo. Mwanga wa kalamu yako hutawanyika njiani."

"Laki nne!" Faudhia aliguna. "Kumbe Pemba ni mlango wa pili, na hatuendi."

Kesho yake Abdulrazak aliirudisha kalamu. "Hii sipeleki kwa watoto," alimwambia bosi. Akanunua kandili la karatasi, umbo la sungura. Jioni akapiga simu Wete.

"Baba, umeugusa mwezi?"

"Hauguswi, mwanangu, unapimwa. Nenda kisimani na bibi, upige kelele, usikilize."

Akangoja. Mara simuni akasikia: "Utatumbukia, we mtoto!"

Abdulrazak akaibana simu sikioni.

"Baba! Kisima kimenijibu!"

Juu ya maghorofa mwezi ulikuwa umechomoza. Wete ilikuwa bado mchana.

"Mwambie bibi, mwezi nimeshaukagua, hauna kasoro," alisema. "Nautuma. Mtaupokea baada ya Magharibi."