Mchuzi Si Nyama

Katika nyumba ya mwenye bucha, nyama haikungoja sikukuu. Kila jioni baba alirudi na kifurushi mkononi. Mama aliinjika sufuria, na nyumba nzima ikanukia mchuzi. Majirani walisema, "Nyie wenzetu mna raha." Mama alicheka tu. Hawakujua kazi anayoipata kumlisha binti yake.

Binti huyo alikuwa msichana mkubwa. Alikuwa anajifunza kushona kwa fundi mmoja, mwanamke, aliyekuwa na chumba cha kazi mtaa wa pili. Nyumbani walimwita Bi Chagua. Jina hilo alilipata tangu alipoachishwa ziwa. Kitu laini kinachoteleza, hataki. Vyakula viwili vikigusana kwenye sahani, hataki. Kitunguu kikijificha kwenye wali, alikifukua kama mtu aliyepoteza pete mchangani. Na bamia ndiyo usiitaje kabisa.

"Mchagua nazi hupata koroma," mama alimwambia kila mara.

"Na koroma yenyewe sili, mama," alijibu Bi Chagua.

Siku moja ya mapumziko walikuwa wote mezani. Bi Chagua aliweka kijiko chini.

"Baba, usikasirike. Kuanzia leo sili nyama."

Baba alimtazama. "Jino linauma?"

"Haliumi. Nyama sijawahi kuipenda. Natafuna, natafuna, haiishi. Nameza kwa sababu mnanitazama. Halafu kila nikifua aproni yako ya bucha, namwona ng'ombe mzima mbele yangu. Siwezi tena kula kitu kilichokuwa na macho."

"Kunde zina macho," baba alisema. "Viazi vina macho. Utakula mawe?"

"Viazi havinitazami, baba."

Baba alicheka hadi akapaliwa. Kisha akakumbuka kazi yake, akaacha kucheka. "Lakini watu watasema nini? Binti wa bucha hali nyama! Watasema nauza kibudu, ng'ombe aliyejifia mwenyewe."

Mama hakucheka tangu mwanzo. Alianza kuhesabu. Mtoto huyu vyakula anavyokubali ni vya kuhesabu kwa vidole. Sasa anapunguza kingine. Atabaki na nini?

Lakini Bi Chagua alikuwa na jambo moja la kusifiwa. Akisema neno, amesema. Hakumsema vibaya mtu yeyote anayekula nyama. Aliendelea kufua aproni ya baba. Zamu yake ya kupika ilipofika, aliwapikia wenzake nyama vizuri, akamwomba mama aonje chumvi. Yeye mwenyewe alijipakulia wali na maharage, kila kimoja upande wake, katikati pakabaki njia.

Mama alimwona anapungua. Labda alipungua kweli, labda yalikuwa macho ya mama. Akaanza kupanga. "Amekataa nyama," alijiambia jikoni. "Mchuzi hajaukataa. Mchuzi si nyama."

Basi kila alipopika maharage ya binti, aliyamwagia mchuzi wa mifupa, akakoroga, akafunika.

"Mama, siku hizi maharage yako yamekuwa matamu!" Bi Chagua alisema. Akaongeza sahani.

Mama alifurahi, lakini ile sifa ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Za mwizi arobaini. Mchana mmoja Bi Chagua alikuwa anatafuna, akakoma ghafla. Akatoa mdomoni kipande cha mfupa, kidogo kama ukucha wa mtoto. Akakiweka mezani.

"Mama. Hiki nini?"

"Mwanangu, ni mchuzi tu. Nyama sikuweka."

"Hata wewe, mama?"

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisukuma sahani, akaenda kuiosha.

Tangu siku hiyo Bi Chagua hakula kitu kilichotoka kwenye sufuria ya mama. Maharage aliyaacha. Mboga za majani aliziacha, maana nani ajuaye zilikaangwa kwenye nini? Alikula mkate. Alikula viazi vya kukaanga alivyonunua njiani na kuona mafuta yake kwa macho. Alijipikia wali mweupe, akaula mkavu. Mama, kwa kutaka msamaha, alimtilia chai nzito ya rangi pembeni ya sahani, ili chakula kishuke. Hiyo chai ndiyo pekee binti aliyoikubali kutoka mkononi mwake. Kwa hiyo mama aliikoleza.

Kazini mambo yalianza kwenda kombo. Mshono wa Bi Chagua, uliokuwa umenyooka kama uzi wa timazi, ulianza kuyumba. Jioni alipanda ngazi za nyumbani akihema kama bibi kizee. Na kulikuwa na jambo jingine.

"Humu ndani kuna panya," Fundi alilalamika. "Chaki zangu za kuchorea nguo zinaisha. Lakini panya gani huyu anayekula chaki, kitambaa anakiacha?"

Bi Chagua aliinama kwenye cherehani. Kwenye kona ya mdomo wake palikuwa na unga mweupe.

Asubuhi moja alikuwa anashona ukosi wa shati. Kizunguzungu kilimpata. Mguu ulikuwa bado kwenye kanyagio, na cherehani iliendelea kwenda. Sindano ilipita kwenye kidole, katikati ya ukucha.

Fundi alimrudisha nyumbani kidole kimefungwa kitambaa. "Dada," alimwambia mama, "binti yako ana mkono wa dhahabu. Lakini siwezi kumweka kwenye mashine namna hii. Siku nyingine itakuwa mkono wote. Mtibuni kwanza. Kiti chake nitamwekea."

Mzazi unayesoma haya, usingoje sindano ichome kidole. Ukimwona mtoto anahema kwa kazi ndogo, viganja na ndani ya kope za chini vimepauka, anatamani kutafuna chaki, udongo au mchele mbichi, usimwite mvivu wala usimcheke. Mpeleke akapimwe.

Mlango wa jirani yao ulikuwa wa Nesi wa zahanati. Alikuwa mama mwenye maneno mengi na kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Alisafisha kidole, akafunua kope ya chini ya Bi Chagua, akaona na unga wa chaki mdomoni mwake, akaacha kucheka. Kesho yake walikwenda zahanati, damu ikapimwa.

"Damu yako imepungua," Nesi alisema. "Umekosa madini ya chuma. Ndiyo maana unakula chaki. Mwili unalalamika, ila haujui kusema vizuri."

"Nilijua!" mama alidakia. "Mwambie ale nyama, Nesi. Wewe atakusikia."

Bi Chagua alifumba macho, akingoja hukumu.

"Nyama inajenga damu, kweli," Nesi alisema. "Lakini haijengi peke yake. Wapo watu hawaijui nyama maisha yao yote, na damu yao nzuri tu. Bi Chagua, wewe unakula nini?"

"Mimi ni mtu wa mboga, Nesi."

"Vizuri. Mboga gani?"

Bi Chagua alianza kuhesabu kwa vidole, akakwama kwenye cha kwanza.

"Jana ulikula nini?"

"Mkate. Viazi vya kukaanga. Wali. Chai."

"Sasa hapo mboga iko wapi? Mwanangu, wewe hujaanza kula mboga. Wewe umeacha nyama tu. Hayo ni mambo mawili. Nikuulize kama fundi: ukifumua mshono, unafanya nini?"

"Nashona tena."

"Ehee! Wewe umefumua, ukaondoka. Nguo iko wazi. Mahali pa nyama weka maharage, kunde, dengu, choroko au karanga, kila siku. Weka na majani ya kijani. Mayai je?"

"Likikaangwa likakauka, nakula. Yai halina macho."

"Maziwa?"

"Nakunywa, yasiwe na utando."

"Hapo umejiokoa. Kuna vitamini inaitwa B kumi na mbili. Kwenye mimea haipo. Ungeacha na mayai na maziwa, ingebidi utumie vidonge vyake. Na unakunywa nini na chakula?"

Mama alijibu kwa fahari, "Chai ya rangi, Nesi. Nzito! Namtilia mwenyewe."

Nesi alishika kichwa. "Jirani yangu! Chai hiyo inayakamata madini ya chuma tumboni, yasiingie mwilini. Mtoto anatia ndoo kisimani, wewe unamtobolea. Chai mpe baadaye, ipite saa moja au zaidi. Pamoja na chakula mpe chungwa, au mkamulie limau juu ya maharage. Hilo ndilo linalofungua mlango, madini yakaingia."

"Maharage nilikuwa nayala," Bi Chagua alisema polepole. "Nikakuta mfupa."

Nesi alimgeukia mama. Mama aligeukia sakafu.

"Mchuzi si nyama," mama alinong'ona.

Kicheko cha Nesi kiliwatoa watu kwenye foleni. "Nyama haramu, mchuzi halali! Jirani, huo ni msemo wa kuchekea, si wa kupikia." Kisha akasema kwa upole, "Sikiliza. Kuchagua kwake si deko. Wapo watu ambao ulimi na pua vinahisi kuliko vyetu. Wewe unaona bamia, yeye anaona konokono. Ukimlazimisha, anafunga mdomo. Ukimfichia, anaacha hata kile alichokuwa anakula. Ulikuwa na mtu anayekula maharage, ukampoteza kwa mfupa mmoja."

Aliwapa vidonge vya kuongeza damu, akaeleza namna ya kuvitumia. "Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni vidonge. Viweke mbali na watoto wadogo. Na mtu asinunue hivi dukani kwa kukisia. Apimwe kwanza."

Mama na binti walishika njia ya kurudi. Walipofika sokoni mama aliingia kwenye duka la vyombo. Akatoka na sufuria mpya na mfuniko wake.

"Hii haijaonja nyama, na haitaonja," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Funua wakati wowote utakao."

Bi Chagua aliipokea kwa mikono miwili. "Asante, mama." Lakini kila siku alifunua. Alinusa. Alipitisha mwiko mpaka chini, akitafuta mfupa. Mama aliona, na moyo ulimchoma. Akamwacha atafute. Nesi alikuwa amemwambia: uaminifu huchanika kwa mara moja, lakini kushonwa ni tundu kwa tundu.

Njia ya kula, Bi Chagua aliibuni mwenyewe. "Fundi hakati kitambaa chote kabla ya kujaribu kipande," alisema. Basi kila chakula kipya alikiweka kidogo kwenye kisahani, mbali na wali wake. Kwanza alikinusa. Siku nyingine alikigusa tu kwa ulimi. Kikimshinda, hakikutupwa kwenye orodha ya maadui. Kilibadilishwa mapishi, kikarudi siku nyingine.

Dengu za kupondwa alizitema. "Mama, samahani, kama matope." Mama alizichemsha nyingine, akazikausha, akazikaanga kwa chumvi mpaka zikapasuka. Bi Chagua alitia moja mdomoni. Ikalia kru! Akatia nyingine. Akabeba bakuli zima kazini, na Fundi akala nusu. Mboga za majani zilizochemka mpaka zikalegea zilimshinda. Mama alizikata nyembamba kama nyuzi, akazipitisha kwenye mafuta ya moto upesi. Zikapita. Maharage yalirudi, limau juu yake. Bamia ilibaki bamia.

Kuna siku mama alimchungulia binti akiwa ameshika kijiko cha choroko, machozi yanamlenga, na bado akaonja. Hapo mama alielewa. Yeye alikuwa akiona ukaidi. Kumbe ulikuwa ushujaa, na hakuna aliyewahi kuupigia makofi.

Baba naye aligeuka. Jioni alirudi na kifurushi mkono mmoja, malimau mkono mwingine. Buchani mteja mmoja alimchokoza. "Mzee, nasikia binti yako kagoma kula nyama. Au unatuuzia nini?"

"Nakuuzia aliyechinjwa leo asubuhi," baba alijibu, huku akikata. "Binti yangu akisema neno, halirudi nyuma. Wewe sigara umeziacha mara ngapi?"

Buchani wote waliangua kicheko, na mteja akaongeza nusu kilo.

Miezi ilipita. Nesi alipima damu tena, akapiga kelele ya furaha. Chaki za Fundi ziliacha kuliwa na panya. Bi Chagua alikuwa amerudi kwenye kiti chake, na mshono wake ulinyooka tena. Siku Fundi alipomkabidhi mkasi akate kitambaa cha mteja kwa mara ya kwanza, alirudi nyumbani anakimbia. Ngazi alizipanda bila kuhema.

"Mama, nimekata gauni! Gauni zima!"

Alinawa, akachukua sahani. Alipakua maharage kutoka sufuria yake huku akisimulia mabega ya gauni yalivyokuwa magumu. Hakunusa. Hakupitisha mwiko chini. Alikaa, akala. Mama alisimama na limau mkononi, hathubutu kusogea, kama mtu aliyetuliwa na ndege begani.

Baba alinyoosha mkono, akachota kijiko kwenye sahani ya binti. Macho yakamtoka.

"Matamu haya! Hakika hayana mchuzi wa nyama?"

"Hayana," Bi Chagua alisema.

"Umejuaje? Leo sikukuona ukikagua."

Bi Chagua alikamua limau, akaendelea kula.

"Namjua mpishi," alisema.