Kibonde Kisicho na Upepo

Baba yangu, Sadala bin Feruzi, alifika Kigali kutoka Ujiji akiwa na cherehani ya mkono na jina lisilo na doa. Feruzi mwenyewe aliaminiwa kushika amana za misafara, wala haikupotea hata moja. Nyumba yetu ya Biryogo ilijengwa juu ya sheria moja: mkubwa akisema, mdogo hutii. Ndimo alimolelewa Raihana binti Usumani, mtoto wa ndugu yangu, ambaye leo watu wa ziwa Kivu humwita Nahodha. Habari hii ni ya kabla ya jina hilo, alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita, na ziwa alilijua kwenye ramani tu.

Mvua ilikuwa imeporomosha kilima juu ya barabara ya Rubavu, na huko bwana harusi alingoja nguo tulizomshonea. Nasiri, baba mdogo wa Raihana, akaamua wazunguke kwa Karongi na kupanda boti ya Benon.

"Wewe wa Kigali, maji yako ni ya bomba," Benon alimtania binti, mkono wake ukiwa kwenye usukani wa injini. "Hii iko na kina. Ukitaka kutapika, usiangalie huku!"

"Nikitapika, kaka Benon, nitakutafuta wewe kwanza."

Hata Nasiri alicheka. Hicho kilikuwa kicheko cha mwisho cha safari hiyo.

Tufani iliwakuta katikati ya ziwa. Anga ilishuka, maji yakageuka rangi ya risasi, na wimbi la kwanza likawapiga ubavuni. La pili lilimwangusha Benon; kichwa kikagonga ukingo, damu ikamfunika jicho, naye akazirai. Boti ikaanza kugeuka ubavu kwa mawimbi. Raihana alitambaa juu ya marobota ya nguo, akaushika usukani kwa mikono miwili na kuielekeza pua ya boti kwenye mawimbi, kama alivyomwona Benon akifanya.

"Ushikilie hapo hapo!" alipiga kelele Nasiri, akikumba maji kwa ndoo. "Usiuachie!"

Hakuuachia. Viganja vilichubuka, injini ikakohoa na kufa, na upepo ukawasukuma kaskazini hadi kwenye mawe meusi ya volkano. Ubao ulipasuka. Waliruka majini, wakamvuta Benon hadi ufukweni, pamoja na robota moja.

Upepo ulikuwa wa kukata mifupa. Midomo ya Benon ilikuwa imegeuka buluu. Nyuma ya mawe, Nasiri aliona kibonde cha mviringo, nyasi zake zimetulia kabisa.

"Tumshushe humo. Atakufa kwa baridi hapa. Tangulia, ukawashe moto."

Raihana alishuka na kiberiti cha gesi alichokitoa mfukoni mwa Benon. Akiwa wima, kiliwaka. Alipochutama penye nyasi, kilizimika. Akasimama, kikawaka, akainama, kikazimika tena, ilhali hapakuwa na upepo wa kutikisa hata jani. Kifua kilimbana. Karibu na mguu wake walilala njiwa wawili waliokufa, bila jeraha. Akapanda mbio, miguu ikimlegea.

"Baba mdogo, tusishuke. Huko chini moto unakufa, na ndege wamekufa."

"Kiberiti kimelowa."

"Kingelowa, kisingewaka juu."

"Nani mkubwa hapa?"

"Ni wewe, baba mdogo."

"Basi mshike miguu."

Katika maisha yake yote hakuwahi kumkatalia mkubwa. Alimtazama Benon, kisha akalala juu yake na kumkumbatia kwa nguvu zote.

"Nisamehe. Simwachii."

Nasiri alivuta mara moja, akashindwa, uso wake ukakakamaa kwa hasira. "Nitakuonyesha hicho kinachokutisha!" Akateremka peke yake, akainama kukusanya nyasi. Hakuinuka. Magoti yalimwishia, akashika nyasi kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Raihana alipasua robota, akatoa jora la hariri ya harusi. Alivuta pumzi, akaibana, akateremka. Akalipitisha jora chini ya makwapa ya baba yake mdogo na kulifunga fundo la mshonaji. Mapafu yalimwaka moto. Akapanda, akahema mara moja penye upepo, akakita visigino kwenye mwamba na kuvuta. Hariri ilichanika pembeni, lakini haikukatika. Mwili ule mzito ulipanda shibiri kwa shibiri, hadi Nasiri akakohoa na kutapika miguuni pake.

Walikaa juu, penye upepo, Benon akiwa katikati yao, wamejifunika kanzu zilizolowa. Tufani ilipotulia, wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa hilo, walikuja kwa mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja. Benon alikuwa amefumbua jicho moja. Alipokiona kibonde, akamkamata Raihana mkono.

"Mlishuka mule? Ile ni mazuku! Hewa ya ardhini, inalala chini kama maji. Haina harufu. Mtu analala nayo, haamki."

Mitumbwi hiyo iliwafikisha Rubavu. Huko, mbele ya wazee waliokuja kumpa pole, Nasiri alisimama na hariri iliyochanika mkononi.

"Nilimwamuru binti huyu jambo ambalo lingetuua sote pamoja na Benon. Akakataa kwa adabu. Msimsifu kwa nguvu zake. Msifuni kwa kukataa."

Mkubwa wa wazee akamwita Raihana aketi naye mkekani.

Nanyi vijana wa nyumba hii, ninaowasimulia habari hii, simameni wima mnisikilize. Kutii nimewafundisha, wala sifuti fundisho hilo. Lakini jicho lenu likiona mauti ambayo jicho la mkubwa halikuiona, semeni. Asiposikia, semeni tena. Asiposikia bado, mlalieni mgonjwa, mwombe radhi, wala msimwachie. Nimewaamuru.